Mgahawa wa Kihindi Uingereza: mchuzi upi uagize, upi uukimbie

Mtu wa Pwani akiingia mgahawa wa Kihindi Uingereza huingia na kiburi kidogo. Kakulia achari ya embe na pilipili mbuzi, nani wa kumtisha kwa mchuzi? Kisha analetewa menyu yenye majina thelathini, pembeni zimechorwa pilipili nyekundu: moja, mbili, tatu. Usiziamini sana. Pilipili mbili za mgahawa huu zaweza kuwa tatu za ule wa ng'ambo ya barabara.

La muhimu ni kujua jikoni kukoje. Mingi ya migahawa hii ni ya watu wa Sylhet, Bangladesh, na kwa kawaida huanza siku kwa sufuria kubwa la mchuzi wa msingi: vitunguu maji vingi, vikachemshwa na kusagwa mpaka vikalainika. Ukiagiza, mpishi huchota upawa, akatia nyama na viungo vya jina ulilotaja. Basi kati ya madras na vindaloo mara nyingi pana vijiko tu vya unga wa pilipili. Sema, "Nipe madras, ila pilipili nusu." Watakupa.

Namba moja kwangu ni jalfrezi. Ukali wake ni wa pilipili mbichi za kijani, zimepasuliwa na kukaangwa kwa moto mkali na vitunguu na hoho. Unaziona kwa macho. Zikikuzidi, unazisogeza pembeni ya sahani na chakula kinaendelea. Unga wa pilipili ukishakorogwa hauna pa kuutolea.

Ya pili ni dhansak, chakula cha Waparsi (Wahindi wenye asili ya Uajemi), mchuzi mzito wa adesi wenye uchachu, utamu na ukali wa wastani. Unashibisha. Wengine hutia nanasi, kwa hiyo mimi huuliza kwanza. Ya tatu madras: mwekundu, una nyanya, unawasha kwa adabu.

Bhuna, rogan josh na dopiaza ni za katikati, hazina lawama. Korma ni ya watoto na ya mgeni asiyegusa pilipili: malai, nazi, lozi, utamu mtupu. Tikka masala iko ngazi moja juu yake, na ndiyo ambayo Robin Cook, akiwa waziri wa mambo ya nje, aliiita chakula cha taifa la Uingereza mwaka 2001. Mwenye ulimi wa Pwani ataona ni sosi.

Sasa vindaloo, iliyonifedhehesha mimi mwenyewe, katika mji wa Leicester. Nilijua aloo kwa Kihindi ni viazi, nikadhani naagiza nyama na viazi. Kumbe jina ni la Wareno wa Goa, pwani ya India, *vinha d'alhos*, nyama kulowekwa kwenye mvinyo na vitunguu saumu. Hiyo "vin" ni ndugu wa "mvinyo" wetu, tuliouchukua kwa Wareno hao hao. Goa hutumia siki. Kwenye sahani yangu siki sikuisikia, ila kipande cha kiazi kilikuwamo, nadhani kwa heshima ya jina. Kijiko cha tatu masikio yakawaka. Nikagugumia maji, ikawa kama nimemwagia petroli.

Mzee wa Kigujarati meza ya pili akanigeukia. "Pole, kijana. Maji hayasaidii, agiza lasi, kile kinywaji cha mtindi." Kiswahili safi! Alitoka Kampala mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza. Na alisema kweli: kile kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki vizuri kwenye maji, maziwa na mtindi ndivyo vinavyokishusha. Siku hizi bakuli la raita, mtindi wa kutuliza ukali, liko mezani kabla sahani haijafika.

Ya mwisho kabisa ni phaal, ya Birmingham, iliyo juu ya vindaloo, mara nyingi kwa pilipili za ukoo wa mbuzi wetu. Hiyo wanaagiza vijana waliowekeana dau. Pesa yako iache mfukoni.

Ukiwa Leicester, tazama pia vitafunio vya mwanzo. Ukiona "mogo", ni muhogo wetu, Wahindi wa Afrika Mashariki walihama nao. Uagize wa kukaanga mkavu, si ule wa kurostiwa na pilipili, maana jalfrezi iko njiani.