Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Inavuja: Uzoefu Wangu Hapa Tabora

Mama yangu ana miaka 78 na ana presha. Chumba chake, hapa Isevya, kiko upande wa magharibi wa nyumba, kwa hiyo jua la alasiri linapiga ukuta ule kuanzia saa nane mpaka linapozama. Anayeijua Tabora ya mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, hahitaji kuelezwa zaidi. Bati linalia kwa joto, na hata saa nne usiku ukiweka kiganja ukutani unahisi jua bado limo mle ndani. Ndiyo sababu nilijibana nikamnunulia kiyoyozi cha BTU 12,000, hicho ndicho kipimo cha nguvu yake ya kupooza. Nilichagua cha baridi na joto, kwa kuwa huku kwetu tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unashuka hadi nyuzi 14 au 15. Mama akilala kwenye baridi ile, asubuhi magoti hayanyooki.

Ninaandika juu ya mafundi wawili niliowatumia ndani ya mwaka mmoja na nusu. Majina yao sitayataja, wala la duka, wala chapa ya mashine. Ninachotaka mwenzangu akijue ni namna ya kumtambua fundi anayepima na fundi anayebahatisha, maana mimi somo hilo nimelilipia.

Fundi wa kwanza ndiye aliyekifunga kiyoyozi. Alimaliza kwa saa mbili na nusu, na wakati ule niliona ni wepesi wa kazi. Miezi saba kilifanya kazi vizuri. Mwezi wa tisa mwishoni mama akaniambia, "Hiki kitu kinapuliza tu, hakipoozi." Nikamwita fundi. Akafungua filta, akazipangusa, akaunganisha geji kwenye kipande cha nje, akasema gesi imeisha. Akajaza. Nikamlipa shilingi 90,000, chumba kikapoa siku ile ile, tukamshukuru.

Baada ya wiki tatu hali ikarudi. Akaja, akajaza, 90,000. Ilipita kama mwezi, ikarudi tena. Mara ya tatu nilimuuliza, "Fundi, hii gesi inakwenda wapi?" Akanijibu kwamba AC ni kama gari, ukiitumia sana mafuta yanaisha, na bibi anaitumia mchana na usiku. Mimi ni mwalimu wa Historia, umeme siujui. Nikalipa. Jumla 270,000, na mama aliendelea kulala mlango wazi na kitambaa chenye maji kifuani.

Jibu lile si kweli, na laiti ningelijua hilo mapema. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi na mashine. Imefungiwa ndani ya mabomba ya shaba na inazunguka humo humo, kutoka kimiminika kuwa mvuke na kurudi kuwa kimiminika, miaka na miaka. Ikipungua, ujue kuna tundu. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi itakayotokea pale pale.

Fundi wa pili nilielekezwa na mwalimu mwenzangu anayekaa Ipuli. Alichelewa siku nzima kuliko tulivyoahidiana, na hilo nililimwambia. Lakini alipofika alinishangaza kwa jambo moja: hakufungua sanduku la vifaa. Alimpa mama shikamoo, akaketi, akaanza kuuliza. Tatizo lilianza lini? Lilikuja ghafla au polepole? Mchana na usiku ni sawa? Maji bado yanatoka kwenye kile kipira cha nje? Mara ya mwisho kujazwa ilikuwa lini, na aliyejaza alipima kwa mizani? Hilo la mizani nililisikia kwa mara ya kwanza.

Kisha akawasha kiyoyozi, akaweka kipimajoto mahali hewa inapoingia na kingine inapotoka. Baada ya dakika kumi na tano ilikuwa nyuzi 31 kuingia na 27 kutoka. Akasema kiyoyozi kizima kinatakiwa kiachanishe nyuzi nane hadi kumi na mbili, hiki kinaachanisha nne. Alibana waya kwa klampu mita, akakuta kinavuta umeme pungufu kuliko ulioandikwa kwenye kibandiko. Nje, bomba jembamba lilikuwa limeanza kuganda barafu pale penye valvu. Geji ikaonyesha mgandamizo wa gesi ni psi 72. Gesi yake ni R410A, na kwa gesi hiyo alitarajia kuona psi 115 hadi 130. "Mwalimu, gesi ni ndogo kweli. Mwenzangu hakukudanganya hapo. Ila kazi ndiyo kwanza inaanza."

Nilipenda kwamba hakumsema mwenzake vibaya.

Tundu alilitafuta kwa macho kwanza. Alinieleza kwamba ndani ya mabomba gesi inatembea na mafuta ya kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi, kwa hiyo inapovuja huacha doa la mafuta, na hapa kwetu vumbi jekundu hulidaka doa hilo likaonekana wazi. Nje hapakuwa na kitu. Akakiinua kidogo kipande cha ndani kutoka ukutani, akafungua utepe mweupe ambao haukuwa umeguswa tangu siku kilipofungwa, akavua sponji. Sponji ilikuwa imelowa mafuta. Akapaka povu la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye nati ya bomba nene, akaniita nitazame. Vipovu vilikuwa vinakua taratibu, kimoja kimoja, upande wa chini wa nati. Niliita mama naye aone. Alisimama pale akiegemea mkongojo wake, akasema, "Kumbe hela yako ilikuwa inatokea hapo."

Gesi iliyobaki hakuiachia hewani. Aliinyonya kwa mashine ndogo na kuiingiza kwenye mtungi uliokuwa juu ya mizani, ikasoma gramu 480. Kibandiko cha mashine kinasema gramu 980. Yaani zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda, wiki tano tu tangu kujazwa. Aliniambia pia kwamba R410A haidhuru tabaka la ozoni kama gesi za zamani, lakini kilo moja ikienda angani inanasa joto mara 2,000 hivi kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Niliwaza zile safari tatu tulizoimwaga.

Alipofungua nati, mdomo wa bomba ulikuwa umepanuliwa upande, na una ufa mwembamba kama unywele. Bomba lilikatwa kwa msumeno, chenga za shaba hazikusafishwa, kisha nati ikakazwa kwa nguvu ili kuziba kosa. Akalikata upya kwa kikata bomba cha kuzungusha, akasugua ndani, akapanua mdomo kwa kifaa chake, akaulainisha kwa tone la mafuta, akakaza kwa spana yenye kipimo. Baada ya hapo akajaza naitrojeni hadi psi 400 na kufunga, ili kuona kama bado panavuja. Tuliiacha usiku kucha. Asubuhi sindano ilikuwa pale pale.

Hatua iliyofuata ndiyo fundi wa kwanza aliiruka tangu siku ya kufunga, na mtu yeyote anayenunua kiyoyozi aisimamie kwa macho yake: pampu ya vakyumu. Iliunguruma dakika arobaini na tano, ikitoa hewa na unyevu wote ndani ya mabomba. Yule wa kwanza alifungua gesi kidogo tu ikasukuma hewa nje, pssii, akakaza. Mafuta yanayotumika na R410A hufyonza maji upesi, na unyevu ukibaki humo huzaa asidi inayokula kompresa polepole. Unaweza kukaa mwaka mzima bila kuona dalili, halafu kompresa ife ukaambiwa ni umeme.

Mwisho akageuza mtungi kichwa chini, kwa sababu R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili na inatakiwa iingie ikiwa kimiminika ili uwiano wake usiharibike, akajaza huku anatazama mizani. Gramu 980, akafunga. Kipimajoto: 30 kuingia, 19 kutoka.

Gharama yote ilifika 185,000, pamoja na 20,000 ya kuja kukagua. Lawama yangu kwake ni kwamba bei ya naitrojeni hakuitaja mapema, niliikuta kwenye hesabu ya mwisho, na risiti aliniandikia baada ya kuiomba mara mbili. Kwa mtu anayefanya kazi safi namna ile, karatasi isingepaswa kumshinda. Alinipa dhamana ya miezi mitatu kwa maandishi.

Kabla hajaondoka mama alimuuliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria: mashine moja inatoaje baridi Oktoba na joto Julai? Akamjibu kwa heshima na kwa utulivu. "Bibi, hii haitengenezi baridi. Inabeba joto. Sasa inalitoa humu inalitupa nje. Julai tukiigeuza, inalichukua nje inalileta kwako." Mama akauliza, nje kwenye baridi kuna joto gani la kuchukua? Akasema lipo, ilimradi gesi ndani ya bomba iwe baridi kuliko hewa ya nje, joto litaingia tu. Akaongeza kwamba Ulaya watu hupasha nyumba nzima kwa mashine za aina hii hata theluji ikianguka, na kwamba kwa uniti moja ya umeme unaweza kupata joto la uniti tatu hivi, tofauti na hita ya koili inayokupa joto la uniti moja tu. Kwa sisi tunaonunua umeme wa LUKU wa elfu tano tano, hilo ni jambo kubwa.

Basi ikafika Juni. Nikabonyeza alama ya jua kwenye rimoti, nikaweka 24. Kikapuliza hewa baridi. Nilingoja dakika ishirini, maana nilikuwa nimefundishwa kwamba kwenye joto feni ya ndani hukawia kuanza mpaka mabomba ya humo yapate moto. Baridi tu. Kwa kuwa wa pili alikuwa safarini Urambo, nilimpigia wa kwanza nimwulize tu. Kwenye simu, bila kuiona mashine, akasema kompresa imekufa, niandae 450,000.

Nilimngoja wa pili siku nne. Alipofika aliniambia, "Kama kinatoa baridi safi, kompresa inafanya kazi. Kilichokataa ni kugeuka." Ndani ya kipande cha nje kuna valvu ya njia nne, ndiyo inayobadilisha mwelekeo wa gesi, na juu yake kuna koili ndogo ya umeme inayoivuta unapochagua joto. Alitutaka tunyamaze, akabonyeza joto. Inatakiwa isikike "tap" na mvumo mfupi wa gesi. Kimya. Akapima waya wa koili: volti 219, umeme unafika. Akazima, akachomoa koili, akapima ukinzani wake: mita haikusoma chochote, waya ndani umekatika. Dakika kumi na mbili, na jibu limepatikana bila kufungua hata nati moja ya gesi.

Koili mpya iliagizwa Kariakoo ikaja kwa basi. Shilingi 38,000 pamoja na nauli ya mzigo, ufundi 25,000. Alipoifunga, ile "tap" ikasikika, na baada ya dakika chache hewa ya nyuzi 40 ikawa inashuka juu ya kitanda cha mama. Valvu yenyewe ilikuwa nzima. Ingekuwa imekwama, alisema, ingebidi kutoa gesi yote na kuchomea shaba, kazi ya siku mbili. Kati ya 63,000 na 450,000 kulikuwa na mita moja tu na mtu wa kuitumia.

Sasa ni Oktoba nyingine. Filta naziosha mwenyewe kila baada ya wiki mbili, maana vumbi la Tabora halisubiri mwezi. Koili ya nje, yaani ule wavu wa mabomba unaotupa joto na si ile koili ndogo ya umeme, naimwagia maji taratibu kila mwisho wa mwezi, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kubwa. Ile nati nimeipaka povu mara tatu, haijatoa hata kipovu. Jana saa tisa alasiri vipimo vilikuwa 29 kuingia, 18 kutoka.

Limebaki moja. Siku fundi wa pili alipokuja kwa koili alipima umeme wetu jioni akakuta volti 188, akanishauri ninunue stebilaiza, kifaa cha kuweka volti sawa, kwa sababu kompresa ikijaribu kuwaka kwenye umeme mdogo inavuta mkondo mkubwa na kuungua. Bado sijaipata, akiba imefika nusu. Kwa hiyo saa moja hadi saa tatu usiku tunazima, tunafungua dirisha la upande wa mwembe, na tunawasha tena mama anapoingia kulala.