TAHADHARI Lubumbashi: kijana wa mashine za fakture "za DGI", msimpe hata franka moja

Wandugu wenye maduka, kuanzia komuni ya Kenya mpaka ile ya Kampemba, someni hii kabla hamjafungua mkoba. Kuna kijana anazunguka na mashine ndogo za kijivu. Anasema ni za facture normalisée, yaani fakture (ankara) rasmi ya kodi, na kwamba DGI, idara ya kodi ya serikali, ndiyo imemtuma. Hakutumwa na mtu. Mimi amenila dola 280, na kwenye mtaa wetu peke yake tuko watatu.

Nauza saruji, mabati na misumari. Alikuja saa nne asubuhi, shati jeupe limepigwa pasi, shingoni beji yenye kichwa cha chui, mkononi karatasi ya Kifaransa yenye mihuri mitatu. Mihuri mitatu! Siku hizi nikiona mihuri mingi ndipo naanza kuogopa. "Mama, kontrole inaanza wiki ijayo, duka lisilo na mashine linafungwa." Akaniomba NIF (nambari ya kodi) na RCCM (nambari ya usajili wa biashara) yangu, akaandika kwenye daftari, kisha akanionyesha majina ya maduka ambayo eti yamekwisha kujipanga. La jirani yangu lilikuwamo, ndilo lililonilegeza. Baadaye jirani akaniambia kwamba yeye alionyeshwa langu, tena siku moja kabla kijana hajakanyaga kwangu.

Pesa hakutaka ipitie benki. Alitaka itumwe kwenye nambari ya simu, na jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Hapo ningeamka, lakini mtu akikutajia kufungiwa duka akili inahama.

Na mashine inachapa, tena vizuri! Jina la duka juu, TVA, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 imehesabiwa sawasawa, chini kabisa code QR nyeusi imekaa kama mhuri. Wiki tatu nzima nilijiona mtu wa kisasa.

Halafu akaja mhasibu wa kampuni moja inayofanya kazi za migodini, mteja wangu wa siku nyingi. Akaweka fakture zangu mbili juu ya meza, moja ya mabati, nyingine ya saruji. "Mama, hizi mbili ni mapacha." Akapitisha simu yake kwenye ya kwanza, kikatokea: MERCI DE VOTRE VISITE, yaani asante kwa kututembelea. Akapitisha kwenye ya pili: MERCI DE VOTRE VISITE. Hakuna bei, hakuna tarehe, hakuna DGI. Kampuni yake imekataa kunilipa mpaka nilete fakture ya kweli, kwa sababu kwa karatasi ile hawawezi kuikata TVA hiyo kwenye kodi yao. Kwa hiyo ukinisikia nalia, si zile dola 280 tu. Ni mabati yaliyokwisha kupandishwa juu ya paa la mtu.

Yeye ndiye alinielewesha. Fakture ya kweli inapita kwanza kwenye mfumo wa DGI, inapewa alama yake peke yake, na alama hiyo ndiyo inayobebwa na QR, ili mnunuzi aweze kuhakikisha. Mauzo mawili, alama mbili. Mashine yangu haina mahali pa kuweka laini ya simu, haina waya wa intaneti. Ingeongea na DGI kwa ndoto?

Akija kwako, mwambie achape fakture mbili za bei tofauti, na uzisome kwa simu YAKO, usikubali ya kwake. Wako watu wanaouza programu za kweli, siwakatai, lakini programu hizo zinapaswa kuwa zimehomologuwa, yaani zimekubaliwa rasmi, na DGI. Chukua jina lake, nenda nalo kwenye kituo cha kodi, CDI au CIS, unakopeleka deklarasyo zako, uulize pale pale kabla ya kulipa. Uulizie pia e-UF, ile programu ya fakture ya DGI ya mtandaoni. Duka dogo linaweza kutoa fakture humo bila kununua mashine yoyote. Ningeijua mapema, leo ningekuwa nauza misumari yangu kwa amani.

Jambo linaloninyima usingizi ni lile daftari. Akitoa fakture kwa NIF yangu, TVA yake nitaulizwa mimi. Nimepeleka barua ya kueleza hayo kwenye kituo changu cha impo (kodi), na nakala yenye mhuri wa kupokelewa nimeiweka. Kama ulimpa nambari zako, fanya hivyo kesho asubuhi, usingoje.

Mara ya mwisho ameonekana Bel-Air, juu ya pikipiki, na karatasi ile ile. Mashine yangu bado iko chini ya meza ya duka. Anayedhani natia chumvi apite, nitamchapia fakture ya ndege mbili na TVA yake, na QR itamshukuru kwa kutembelea.