Kizimba cha mita ya maji, fundi wa Rangi Tatu

Mita yangu ya kwanza iling'olewa usiku. Ile ni shaba nyeupe, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi imetoka wapi. Nilipofungiwa ya pili nikamfuata fundi wa kuchomelea pale Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, anitengenezee kizimba cha kuilinda. Katumia nondo za milimita 12, miguu kaimwagia zege, na kufuli kalificha ndani ya kipande cha bomba ili msumeno usilifikie. Hapo kanifurahisha.

Rangi ndiyo mbovu: mwezi mmoja tu, kutu. Mlango nao mdogo, msoma mita ananung'unika kila akija. Nililipa 65,000, pamoja na siku tatu za "njoo kesho, mama".

Juzi nimekuta alama za msumeno kwenye nondo moja. Mita ipo.