Uzoefu wangu: Kujifunza Python na kompyuta za kwanta kwa Qiskit, hapa Lamu

Qiskit, maktaba ya Python ya kuandikia programu za kompyuta za kwanta, naipa nyota nne kati ya tano. Kwa anayetaka kujifunza Python na misingi ya kompyuta za kwanta kwa mkupuo mmoja, sijaona zana inayoifikia. Nyota ya tano naizuia kwa sababu haimfai mtu wa siku ya kwanza: saketi (mfuatano wa hatua za hesabu) inachorwa, jibu linatoka, na mwanafunzi hajui hesabu gani imepita katikati.

Usakinishaji ndio unaowakatisha tamaa wengi hapa Amu. Programu ni ya bure, lakini pamoja na vitegemezi vyake inakula bando. Nenda penye Wi-Fi nzuri, uandike kwa pip, kisakinishi cha Python:

pip download qiskit qiskit-aer matplotlib pylatexenc -d mzigo

Beba folda hiyo ya mzigo kwa flashi, kisha kwenye kompyuta yako:

pip install --no-index --find-links=mzigo qiskit qiskit-aer matplotlib pylatexenc

Kompyuta zote mbili ziwe na toleo lile lile la Python na mfumo endeshi ule ule. Zikitofautiana, pip itadai haioni faili ilhali zimo. Ukishamaliza, mtandao ukipotea kazi haisimami.

Kabla ya kuigusa Qiskit, jifunze orodha, vitanzi na kuandika fanksheni, kisha ingia NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za vekta na matriksi. Kubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta, ni vekta ya namba mbili; hali ya sifuri ni [1, 0]. Geti ni hatua inayobadilisha kubiti; geti ya H ni matriksi [[1, 1], [1, -1]] iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Ukiizidisha mara moja, uwezekano wa kupata 0 au 1 ni nusu kwa nusu. Izidishe mara mbili: unarudi kwenye 0, kila mara. Shilingi ukiirusha mara mbili haikuhakikishii chochote, na hapo ndipo tofauti inapoonekana: alama ya kutoa kwenye ile matriksi imefanya njia mbili za kufika 1 zifutane. Zoezi hili dogo nalithamini kuliko sura nzima ya maelezo. Tahadhari tu, jibu huweza kutoka 0.9999999999999998, kwa hiyo usilinganishe kwa ==, tumia np.isclose.

Sasa Qiskit. Anza na kubiti mbili: H kwenye kubiti 0, halafu CX (hugeuza kubiti ya pili pale ya kwanza ikiwa 1) kutoka 0 kwenda 1, kisha pima zote. Kwa majaribio 1024 utapata 00 na 11 karibu sawasawa, na 01 au 10 hazitokei. Ukisahau kupima, Aer, kiigizaji cha kompyuta ya kwanta kinachoendesha saketi kwenye mashine yako, italalamika kwamba haina hesabu za kukupa. Kingine kinachowapoteza watu: kubiti 0 husomwa kulia kabisa. Geti ya X, inayogeuza 0 kuwa 1, kwenye kubiti 0 kati ya tatu hutoa 001, si 100.

Mafunzo ya zamani yanayotumia fanksheni ya execute hayafanyi kazi tena. Iliondolewa toleo la 1.0 lilipotoka mwaka 2024. Tumia transpile (hutafsiri saketi iendane na mashine), halafu run. Aer nayo huletwa kutoka qiskit_aer.

Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa kujifunzia. Kila kubiti inayoongezeka hurudufu kumbukumbu inayohitajika, kwani kubiti n zinadai namba changamano 2^n, kila moja baiti 16. Kubiti 20 ni MB 16 tu. 25 ni MB 512. 28 zinafika GB 4 na mashine inakwama. Masomo ya mwanzo hayavuki kubiti 5.

Kuhusu mashine halisi, IBM iliweka ya kubiti 5 mtandaoni mwaka 2016, na hadi leo unaweza kutuma kazi kwa mbali. Tuma saketi ile ile ya kubiti mbili, na safari hii 01 na 10 zitajitokeza kidogo. Programu yako iko sawa. Ni kelele za mashine. Kabla ya kutuma, ipitishe saketi kwenye transpile kwa mashine uliyochagua, la sivyo itakataliwa.