Crin-Blanc: farasi mweupe katika filamu isiyo na rangi

Mtu aliyezoea filamu za rangi anaposhauriwa kutazama Crin-Blanc, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1953 iliyoongozwa na Albert Lamorisse, huenda akadhani amepewa kazi ya shule. Nilimwekea binti yangu wa miaka saba jioni moja, nikitarajia kwamba baada ya dakika tano angedai katuni zake. Badala yake alisogea hadi karibu na skrini, na habari za rangi hakuziuliza kabisa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Huko Camargue, nchi ya vinamasi ambako mto Rhône unamwaga maji yake katika Bahari ya Mediterania, wachungaji wanamwandama farasi dume wa porini asiyekubali kufungwa, na mtoto mvuvi aitwaye Folco anaambiwa kwa kejeli kwamba farasi huyo atakuwa wake iwapo atamkamata. Mtoto haioni kejeli hiyo, anaona ahadi.

Folco anamtupia farasi kitanzi, farasi anatimua mbio, na mtoto, aliyechezwa na Alain Emery, anakataa kuiachia kamba, akaburutwa kifudifudi majini na matopeni kwa muda mrefu kuliko mtazamaji anavyoweza kustahimili akiwa ametulia kitini. Hatimaye farasi anasimama na kugeuka kumtazama. Hakuna aliyemshinda mwenzake, nasi tunalielewa hilo bila kuelezwa. Kwa tukio hilo peke yake ningeitazama filamu hii mara ya pili.

Mpigapicha Edmond Séchan aliujua uzuri wa kukosa rangi: maji yanameremeta kama bati jipya, matete yanageuka mistari ya kijivu, na weupe wa farasi ndio unaolivuta jicho kwanza, hata anapokuwa mbali sana. (Farasi wa Camargue, kwa taarifa ya wasiowajua, huzaliwa weusi au wa kahawia, weupe huwajia ukubwani.) Si ajabu kwamba tamasha la Cannes liliipa tuzo kuu ya filamu fupi mwaka huohuo.

Kinachonikera ni msimulizi, ambaye mara kadhaa anatueleza yale ambayo macho yameshayaona. Aidha, mzazi asimwache mtoto mdogo autazame mwisho peke yake. Wakiwa wamebanwa ufukweni na wachungaji, Folco na farasi wake wanaingia baharini, na msimulizi anatuhakikishia kwamba wanakwenda mahali ambako farasi na binadamu ni marafiki siku zote. Binti yangu hakuridhika. “Baba, farasi anaweza kuogelea mpaka wapi?” aliniuliza, nami nikakosa jibu, tukairudisha filamu nyuma kidogo na kuyatazama tena yale mawimbi.