I Saw the TV Glow: mikanda, usiku na rafiki

Nimeitazama mara mbili, na ya pili ndiyo iliyoniumiza. Filamu hii ya Jane Schoenbrun ya 2024 inaanzia 1996: kipindi cha TV anachokipenda kijana Owen huanza saa nne na nusu usiku, na kwao kukesha ni marufuku, basi rafiki yake Maddy anamrekodia na kumwachia mikanda shuleni. Sisi tuliokua na deki sebuleni raha hiyo twaijua. Baadaye kipindi na maisha vinachanganyika hadi hujui nani ni nani. Katikati inajikokota, sikatai. Lakini pale Owen, sasa mtu mzima, anapopiga ukelele kwenye sherehe ya mtoto, watu wote wameganda, kisha anapita akiomba radhi na hakuna anayemjali! Chai yangu ilipoa mkononi.