Redio ya kufunga katika gari la dizeli: mpangilio wa chaguo tano kwa dereva wa Nakuru na Kisumu

Gari la dizeli linaloshushwa Mombasa na kuendeshwa hadi Nakuru hukata zaidi ya kilomita 600 karibu kimyakimya, kwa kuwa redio yake ya Kijapani ilitengenezewa masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Redio za miaka ya karibuni hufika 95, lakini hata hizo huacha sehemu kubwa ya masafa yetu nje. Kwa hiyo, mwenye gari akishabadilisha oili na filta, kinachofuata kununuliwa aghalabu ni redio, naye huingia dukani na kupokewa na ukuta wa skrini zinazong'aa ambazo bei zake hazifanani na muuzaji wake huziita zote nzuri.

Nimefunga redio nne katika magari mawili ya dizeli, moja baada ya nyingine, na mpangilio ninaoutoa hapa unafuata kigezo ambacho sikukijua nilipoanza, nacho ni betri. Injini ya dizeli haina plagi za cheche; huwaka kwa kubana hewa mpaka ipate joto la kutosha kuunguza mafuta, na stata yake huhitaji umeme mwingi zaidi kuliko ya gari la petroli lenye ukubwa uo huo. Kabla ya stata kuzunguka, plagi za kupashia joto, ambazo mafundi wetu huziita hita plagi, huwa zimeshanyonya umeme wao pia, hasa asubuhi za Molo na Timboroa ambako baridi haina mzaha. Gari la petroli huweza kuisamehe redio inayoiba umeme usiku, lakini la dizeli halisamehi.

Hilo nilijifunza Kisumu. Nilikuwa na Hiace ya dizeli, otomatiki, yenye betri moja ya ampea-saa 70, nayo ilikuwa imefungwa skrini ya inchi tisa na fundi mmoja wa Nakuru. Nililiegesha gari Ijumaa jioni, nikakaa mjini kwa shughuli za familia bila kuligusa, na Jumatatu asubuhi nilipogeuza ufunguo taa ya hita plagi iliwaka kwa unyonge, stata ikagonga mara moja, kisha kimya. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, basi nikaita fundi wa waya. Aliondoa kichwa cha betri upande wa hasi, akaweka mita kati ya waya na betri huku ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, akasoma, kisha akaniambia, "Mzee, redio yako hailali." Mita ilionyesha ampea moja na ushei. Ampea moja kwa saa 60 ni ampea-saa 60, na kwa betri ya 70 hicho kilichobaki hakiwezi kuizungusha injini ya dizeli. Tulipovuta redio nje tuliona kwamba waya wa njano, ambao hubeba umeme wakati wote ili redio ikumbuke saa na stesheni, ulikuwa umeunganishwa pamoja na waya mwekundu, ambao unapaswa kupata umeme pale tu ufunguo unapogeuzwa. Aliyeufunga hakuupata waya wa ufunguo, akaona afadhali aviunganishe vyote viwili mahali pamoja.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa redio ambayo wauzaji huitaja mwisho: ile fupi ya DIN moja (DIN ni kipimo sanifu cha ukubwa wa redio za gari), yenye Bluetooth na tundu la USB, isiyo na mlango wa CD, kutoka kwa kampuni inayojulikana kama Pioneer, Kenwood, JVC au Sony. Ikifungwa vizuri hulala kabisa ufunguo ukitolewa, hurudi mara moja stata ikiisha kuzunguka, na haina feni wala kompyuta ya kupata joto. Boksi lake litakuambia wati 50 mara nne. Usiyaamini maneno hayo, kwa maana sauti safi hupatikana karibu na wati 20 kwa kila spika, nazo zinatosha kabisa kuishinda ngurumo ya injini ukipanda kuelekea Mau Summit. Faida yake kubwa zaidi iko kwenye kupokea mawimbi. Barabara ya kutoka Nakuru kupitia Londiani, Kericho na Ahero hadi Kisumu ni kilomita zipatazo 185 za vilima na mabonde, na stesheni moja hubadilisha masafa yake kila inapoingia eneo la mji mwingine, kwa hiyo redio dhaifu hukoroma nusu ya safari. Redio za aina hii kwa kawaida huwa na safu tatu za kuhifadhia stesheni, kila safu ikiwa na vibonyezo sita. Mimi safu ya kwanza nimeiwekea Nakuru, ya pili Kericho, na ya tatu Kisumu, na ninapoanza kuteremka kuelekea Awasi hubonyeza mara moja tu nikaikuta taarifa ya habari mahali pake.

Kasoro yake ni muonekano. Nafasi iliyo katika dashibodi nyingi za Toyota za Kijapani ina upana wa milimita 200 na kimo cha 100, ilhali DIN moja ni milimita 180 kwa 50, kwa hiyo utahitaji kifuko cha plastiki cha kuziba chini na vipande viwili vya kuziba pembeni. Vinginevyo gari litaonekana kama limeng'olewa jino.

Nafasi ya pili ni ya skrini ya kampuni hizo hizo inayotumia Apple CarPlay au Android Auto. Mifumo hii, iliyoanza kupatikana kwenye magari mwaka 2014 na 2015, haiifanyi redio kuwa kompyuta. Simu yako ndiyo inayofanya kazi, na skrini huonyesha tu ramani, simu zinazopigwa na muziki. Kwa anayesafiri mara kwa mara mpaka Kakamega, Bungoma au Busia hili ni jambo la maana, kwa sababu simu unaibadilisha kila baada ya miaka michache na redio inabaki ilivyo. Ningeiweka ya kwanza kama si bei yake, ambayo ni mara kadhaa ya ile redio fupi, na kama si kwamba wengi wakishailipia hukosa fedha za spika. Spika za karatasi zilizokaa miaka mingi kwenye milango ya gari la Kijapani huwa zimekauka na kuchanika kingo, na hakuna skrini iwezayo kuzifufua. Jambo jingine: skrini hizi zina waya unaokwenda kwenye breki ya mkono ili video isionekane gari likitembea, na fundi atajitolea kuugusisha kwenye bodi ili uione wakati wote. Mwambie aufunge unapostahili. Barabara ya Salgaa imeua watu wa kutosha bila dereva kutazama filamu.

Ya tatu ni kubaki na redio iliyokuja na gari. Mwenye Hilux au D-Max iliyouzwa mpya hapa nchini hana haja ya kusoma zaidi, kwani redio yake tayari inashika masafa yetu, na akikosa Bluetooth anaweza kuongeza waya wa aux akaendelea na maisha. Mwenye Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2, ambayo imejaa mjini Nakuru siku hizi, naye afikiri mara mbili kabla ya kung'oa, kwa sababu skrini yake imeunganishwa na mipangilio ya gari lenyewe na nafasi yake si ya DIN. Huyo atafute fundi anayejua kubadilisha lugha na kuongeza CarPlay kwenye skrini ile ile.

Kwa magari mengine ya Kijapani, kubaki na redio ya asili kuna maana ya kununua ekspanda, kile kidude kidogo kinachokaa kati ya antena na redio na kuyashusha masafa. Ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa katika mwongozo huu, lakini fanya hesabu kabla ya kulipa. Ekspanda ya megahezi 20 huifanya stesheni ya 98 isikike kwenye 78, na redio inayoishia 90 itafika 110, jambo ambalo ni zuri; ila ukianzia 76 ukaongeza 20 unapata 96, kwa hiyo kila stesheni iliyo kati ya 90 na 96 itakuwa imepotea. Andika masafa ya stesheni tatu unazozipenda, kisha uchague ekspanda inayozifikia.

Nafasi ya nne naziweka zile skrini kubwa za Android za bei nafuu, zisizo na jina au zenye jina ambalo mwakani halitakuwapo. Najua wengi watanipinga, na kwa kweli zina mvuto: ramani isiyohitaji simu, kamera ya nyuma, na hata programu inayosoma kompyuta ya injini na kukuonyesha ulaji wa mafuta. Hata hivyo nyingi zina kipokea mawimbi hafifu, huchukua muda mrefu kuamka, hupata joto Kisumu mchana hadi zikaganda, na zinapolala hazilali usingizi wa kweli, kwa kuwa zimetengenezwa ziamke haraka. Wakati wa kuwasha gari, umeme ukishuka kwa sababu ya hita plagi na stata, baadhi huzima na kuanza upya kila mara. Ukiitaka lazima, usikubali chini ya gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kazi (RAM), na uingie kwenye mipangilio uchague izime kabisa baada ya muda mfupi.

Ya mwisho ni kile kipeperushi cha FM kinachochomekwa kwenye kiwashio cha sigara. Katika gari lenye redio ya Kijapani isiyo na ekspanda kinaweza kutumia masafa ya 87.5 hadi 90 peke yake, au hadi 95 kwa redio za karibuni, na nafasi uliyoikuta tupu Nakuru utaikuta na mhubiri Kericho.

Kabla ya kufunga yoyote kati ya hizi, hakikisha gari lako ni la volti 12. Canter na malori mengi ni volti 24, na baadhi ya Land Cruiser za zamani pia, na redio ya kawaida ikichomekwa humo huungua papo hapo. Kuona betri mbili si ushahidi: Prado yangu ya injini ya 1KZ ina betri mbili zilizounganishwa sambamba na bado ni volti 12. Mita hutoa jibu kwa sekunde tatu.

Swali la mafuta huulizwa sana na watu wanaohesabu kila lita, kwa hiyo nalijibu kwa hesabu. Lita moja ya dizeli ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi, na baada ya injini na altaneta kupoteza sehemu zao hubaki kama moja na nusu hadi mbili za umeme. Redio inayotumia wati 40 kwa saa nne za kutoka Nakuru hadi Kisumu itakula kilowati-saa 0.16, yaani karibu desilita moja ya mafuta, ambayo haijazi kikombe cha chai. Prado hiyo hula takriban lita 18 kwa safari ile, na upepo wa tairi pekee unaweza kuleta tofauti kubwa kuliko hiyo. Ni pale tu unapoongeza amplifaya na subufa ya wati mia kadhaa za kweli ndipo mkono wa mafuta unapoanza kuhisi.

Kuhusu ufungaji wenyewe, nunua pamoja na redio soketi ya Toyota, ambayo kwa kawaida ina vichwa viwili, kimoja cha pini 10 na kingine cha pini 6, ili fundi asikate nyaya za gari. Waya mweusi wa bodi afungie kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, si kwenye skrubu yoyote iliyo karibu, kwa maana ule mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mguu wako wa mafuta huanzia hapo mara nyingi. Nyuma ya redio awekee kishikizo cha chuma, kwa sababu mtetemo wa dizeli ukichanganyika na mashimo ya barabarani hulegeza kila kinachoning'inia.

Usilipe injini ikiwa imezimwa. Washa gari, washa taa kubwa na feni, kanyaga mafuta kidogo na usikilize kama mluzi upo, kisha zima, toa ufunguo, funga milango, na umwombe fundi aweke mita yake kwenye upande wa hasi wa betri. Subiri dakika kumi vifaa vyote vya gari vilale. Ikisoma chini ya miliampea 50, mpe pesa zake. Ikizidi, rudisheni paneli chini muutafute waya wa njano na mwekundu kabla jua halijazama.